Sura ya Tano: Oveni Iliyoachwa Inawaka

Umefika chuoni na mtihani unaanza muda si mrefu. Ghafla unakumbuka kwamba nyumbani umeacha oveni inawaka. Kurudi huwezi. Mbele yako yuko rafiki ambaye hajawahi kufika kwako, naye yuko tayari kwenda. Mweleze njia. Mweleze jikoni ataingiaje, na oveni yenyewe ataizimaje. Yote hayo umweleze kwa Kiingereza, lugha ambayo bado unajifunza.

Hiyo ilikuwa moja ya kazi tatu ambazo Pauline Foster na Peter Skehan waliwapa wanafunzi 32 wa Kiingereza jijini London, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1996. Kazi ya pili ilikuwa kutunga hadithi kutokana na picha. Ya tatu ilikuwa kukaa kama mahakimu na kukubaliana ni adhabu gani impate kila mkosaji. Baadhi ya wanafunzi walianza papo hapo. Wengine walipewa dakika 10 za kujiandaa, na hata hao waligawanywa: kuna walioelekezwa kwa kina namna ya kuzitumia dakika hizo, na kuna walioachwa wajipange wenyewe.

Waliojiandaa walisema kwa wepesi zaidi na bila kukwamakwama. Walioelekezwa kwa kina walithubutu kujenga sentensi changamano zaidi. Lakini usahihi wa sarufi ulikuwa bora kwa wale walioachwa wajipange wenyewe, si kwa walioelekezwa. Skehan aliyaeleza matokeo ya namna hii kwa hoja rahisi: akili ya anayejifunza lugha ina umakini wa kiasi tu, na ukiutumia kujenga sentensi kubwa, unabaki mdogo wa kuchunga makosa. Wahenga wetu wangesema mshika mawili moja humponyoka. Peter Robinson, aliyefanya tafiti zake Japani, hakukubali. Yeye alishikilia kwamba kazi ikiwa ngumu kimawazo inaweza kumsukuma mtu aseme kwa uchangamano na kwa usahihi kwa pamoja. Ubishi wao umezaa tafiti nyingi ajabu, na haujaisha.

Mimi katika sura hii sitaamua nani kati yao ana haki. Ninachotaka tukitazame ni jinsi mtu anavyoweza kujua. Mtu kazungumza dakika tano kuhusu oveni. Kutoka kwenye dakika hizo tano mpaka kwenye sentensi inayosema “kujiandaa huongeza usahihi” kuna safari ndefu, na kila hatua ya safari hiyo ina mahali pa kuteleza.

Kwanza tuelewane kuhusu neno kazi. Kila aliyesoma shule ya msingi analijua zoezi: jaza nafasi iliyoachwa wazi, “Juma a__enda sokoni jana.” Mwanafunzi anaandika “li”, mwalimu anatia vema, na hakuna mtu duniani anayetaka kujua kama Juma alifika sokoni. Kazi ni kitu kingine. Kazi ina mwisho ulio nje ya lugha: oveni izimwe, njia ionekane, tofauti kati ya picha mbili igunduliwe. Lugha ni chombo cha kufikia huko. Wapo wanaoiita jukumu na wapo wanaoiita shughuli. Humu nitaiita kazi, na neno shughuli nitaliwekea nafasi yake mwishoni.

Wazo la kufundisha lugha nzima kwa njia ya kazi lilijaribiwa kwa ujasiri mkubwa kusini mwa India. Mwaka 1979, huko Bangalore, N. S. Prabhu na wenzake walianza mradi uliodumu hadi 1984. Waliiweka kando orodha ya miundo ya sarufi iliyokuwa ikitawala silabasi za Kiingereza, wakawapa watoto wa shule za kawaida mambo ya kufikiria: kusoma ratiba za treni, kufuata ramani, kupiga hesabu za masafa na muda. Prabhu alikuwa na mizani yake ya kupima uzito wa kazi: angalau nusu ya darasa waweze kufanya angalau nusu yake. Ni mizani ya mwalimu aliyesimama mbele ya watoto halisi, na sijaona nyingine inayoishinda kwa matumizi ya kila siku.

Mradi ulipokaribia mwisho, Alan Beretta na Alan Davies waliutathmini, na ripoti yao ikatoka mwaka 1985. Hapo ndipo swali la mbinu lilipojitokeza wazi. Mtoto wa mradi utampima kwa mtihani gani? Ukimpa wa sarufi, umempendelea aliyefundishwa sarufi. Ukimpa wa kazi, umempendelea aliyezoea kazi. Beretta na Davies wakatumia vyote viwili, wakaongeza na mitihani waliyoiona haina upande, kama imla na ufahamu wa kusikiliza. Kwa sehemu kubwa kila kundi lilifanya vizuri katika mtihani uliofanana na mafundisho yake, na katika ile isiyo na upande watoto wa mradi walielekea kuwa mbele. Matokeo ya kutia moyo, lakini madarasa yaliyolinganishwa yalikuwa yamekwishakuwapo, kila moja na walimu wake na historia yake. Hayakugawanywa kwa kura. Kwa hiyo ni vigumu kusema kwa uhakika kilicholeta tofauti ni kazi, au ni ari ya walimu waliojitolea kujaribu jambo jipya. Msomaji anayetaka kulinganisha mbinu mbili za kufundisha katika shule yake atakutana na tatizo hilihili asubuhi ya siku ya kwanza.

Ili kulikimbia tatizo hilo, watafiti wengi walihamia chumba kidogo chenye meza moja, viti viwili na kinasa sauti. Humo unaweza kugawa watu kwa kura, ukampa kila mmoja picha yake, ukahakikisha haoni ya mwenzake. Michael Long, katika tasnifu yake ya mwaka 1980, aliwakutanisha wenye lugha na wanaojifunza, akawapa kazi za aina mbalimbali, akalinganisha. Aligundua kwamba kazi ambayo kila upande una habari asiyo nayo mwenzake huwalazimisha watu kuulizana, kuhakikishiana na kurudia zaidi kuliko kazi ambayo habari zote ziko kwa mmoja.

Tuseme wanafunzi wawili wa Kiswahili, kila mmoja na picha yake ya jiko, wanatafuta tofauti:

“Juu ya meza kuna sufuria.”
“Sufu… sufuria ni nini?”
“Ya kupikia. Ya wali.”
“Aa, chungu!”
“Chungu cha chuma.”
“Ndiyo, ninayo. Lakini yangu iko chini ya meza.”

Katika mistari hiyo sita neno moja limekwama, limeulizwa, limeelezwa, limefananishwa na neno linalojulikana, na tofauti moja imepatikana. Huko ndiko kutafutana maana ambako Long alikuona kuwa moyo wa kujifunza lugha.

Lakini kutafutana maana si kujifunza. Huenda kesho yake yule mwanafunzi amelisahau neno sufuria. Ndiyo maana utafiti wa Alison Mackey, uliochapishwa mwaka 1999, ni mfano mzuri kwa anayeanza. Aliwachukua watu wazima 34 waliokuwa wakijifunza Kiingereza jijini Sydney, akalenga jambo moja tu, namna ya kuunda maswali. Kabla ya kazi aliwapima. Kisha wengine walishiriki mazungumzo ya kutafutana maana, wengine walitazama tu wenzao wakizungumza, wengine walizungumza na mtu aliyefuata maneno yaliyoandaliwa, na kundi moja halikupata chochote. Aliwapima tena muda mfupi baadaye, na tena, na tena baada ya wiki kadhaa. Walioshiriki mazungumzo ya kutafutana maana ndio waliosonga mbele zaidi. Angalia alichokifanya: jambo moja la sarufi, kundi la ulinganisho, na kipimo kilichocheleweshwa. Utafiti unaowapima watu siku ileile waliyofanya kazi na kuishia hapo umepima kumbukumbu ya mchana mmoja.

Je, yanayotokea katika chumba kile kidogo hutokea pia darasani? Mwaka 1998 Foster alichapisha makala ambayo naiona kuwa mojawapo ya makala zenye ujasiri zaidi katika fani hii. Alikwenda kwenye darasa la kawaida la chuo kimoja Uingereza, saa za kawaida za masomo, akarekodi wanafunzi wakifanya kazi za aina zilezile wawiliwawili na katika vikundi vidogo. Kutafutana maana kulikuwa kudogo sana. Katika vikundi wapo ambao hawakutamka neno. Wengi hawakuanzisha hata swali moja la kutaka ufafanuzi. Idadi zilizoonekana nzuri kwa kundi zima zilitoka kwa wasemaji wachache walioubeba mzigo wa wenzao.

Hapo pana funzo kubwa kuhusu wastani. Kundi la watu wanne likiuliza maswali 12, ukaandika “kila mmoja aliuliza matatu”, huenda umeandika uongo: mmoja aliuliza 11, mmoja aliuliza moja, wawili walikaa kimya. Na wale wawili ndio mwalimu anaowahangaikia. Ukisoma utafiti wowote wa kazi za vikundi, tafuta jedwali la mtu mmojammoja. Lisipokuwapo, soma matokeo yake kwa tahadhari.

Nije sasa kwenye kuhesabu, mahali ambapo sisi wa Kiswahili tuna jambo letu la kusema.

Fani hii imezoea kuyapima mazungumzo kwa vipimo vitatu: wepesi wa kusema, usahihi na uchangamano. Vinasikika wazi mpaka uketi na maandishi ya mazungumzo mbele yako. Watu hawazungumzi kwa nukta na mikato. Sentensi inaanzia wapi, inaishia wapi? Mwaka 2000 Foster, Alan Tonkyn na Gillian Wigglesworth walionyesha kwamba tafiti nyingi zilihesabu makosa na vishazi bila hata kueleza kipande walichokihesabu ni kipi. Wakapendekeza kipande kimoja cha kupimia mazungumzo: kishazi huru, au sehemu ya kishazi inayojitegemea, pamoja na vishazi tegemezi vyake. Kimetumika sana tangu hapo.

Lakini vipimo hivi vilizaliwa katika Kiingereza. Mwingereza akitaka kusema “sikumwona” anahitaji maneno manne. “Nitakununulia” ni neno moja lenye mtenda, wakati, mtendewa, kitendo na kauli ya kutendea. Ukipima wepesi kwa idadi ya maneno kwa dakika, mwanafunzi wa Kiswahili ataonekana anajikokota hata akisema kama maji. Ukipima uchangamano kwa idadi ya maneno katika kila kishazi, yule aliyeweza kutamka “asingelinijulisha” atapata alama ndogo kuliko aliyesema “mimi nataka yeye aje hapa”. Hilo ni kinyume kabisa cha ukweli. Kwa Kiswahili tuhesabu silabi kwa upande wa wepesi, na mofimu kwa upande wa uchangamano. Ni kazi zaidi, lakini bila hivyo tunachopima ni Kiingereza kilichovaa kanga.

Usahihi una mtego wake. Mwanafunzi kasema: “Kitabu yangu mpya imepotea.” Je, ni makosa matatu, kwa sababu viambishi vitatu vimekosewa? Au ni kosa moja, la kutojua kwamba kitabu kiko katika ngeli ya KI-VI, ambalo limejirudia kila lilipopata nafasi? Anayehesabu vishazi visivyo na kosa atasema kishazi kimoja kibovu, basi. Majibu yote matatu yana mantiki yake, ila yanatoa picha tatu za mwanafunzi mmoja. Mtafiti achague kabla hajaanza kuhesabu, aandike alichochagua, na ampe mwenzake sehemu ya maandishi aihesabu bila kuona hesabu ya kwanza. Wakitofautiana sana, tatizo liko kwenye kanuni zao, mwanafunzi hana hatia.

Na kuna jambo zito zaidi ya hilo. Mwanafunzi anayeishi Nairobi au Lubumbashi anasikia “kitabu yangu imepotea” kila siku kutoka kwa watu wanaozungumza Kiswahili tangu utotoni. Akiirudia, amekosea, au amejifunza vizuri kutoka kwa jirani zake? Kwa maoni yangu mtafiti hana haki ya kuliita kosa mpaka aseme anapima kwa Kiswahili cha nani. Kama darasa linafundisha Kiswahili sanifu, apime kwa sanifu na aseme hivyo. Vilevile neno “yaani”: kwa msemaji wa Dar es Salaam ni kiungo cha kawaida cha mazungumzo. Ukilihesabu kuwa dalili ya kukwama, utawaadhibu wanafunzi waliokaa na watu zaidi kuliko waliokaa na vitabu.

Hesabu zote hizo zinatuambia kilichotoka mdomoni. Kilichopita kichwani ni habari nyingine. Chukua mazungumzo haya:

“Kitabu yangu imepotea.”
“Kitabu chako kimepotea?”
“Ndiyo, jana.”

Mwalimu amesahihisha, tena kwa upole na bila kumvunjia mtu heshima. Mwanafunzi amesikia swali tu, akalijibu. Roy Lyster na Leila Ranta walirekodi saa 18.3 za masomo katika madarasa ya watoto wanaofundishwa kwa Kifaransa katika eneo la Montreal, Kanada, na matokeo yao ya mwaka 1997 yanajulikana na kila mtafiti wa fani hii. Masahihisho ya namna hii, ya kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooka, yalikuwa asilimia 55 ya masahihisho yote ya walimu. Ni asilimia 31 tu kati yake yaliyopata mwitikio wowote kutoka kwa mwanafunzi.

Lakini kutoitikia kunaweza kuficha mengi. Mwanafunzi anaweza kunyamaza huku amelishika. Ili kujua, Mackey, Susan Gass na Kim McDonough, katika utafiti wa mwaka 2000, walifanya jambo ambalo mwalimu yeyote anaweza kuliiga. Waliwarekodi wanafunzi kwa video wakifanya kazi na msemaji wa lugha, kisha wakakaa na kila mmoja, wakamwonyesha video, wakawa wanaisimamisha na kumuuliza: hapa ulikuwa unawaza nini? Wanafunzi walitambua vizuri waliposahihishwa maneno na matamshi. Waliposahihishwa sarufi, mara nyingi hawakujua kwamba wamesahihishwa. Mara nyingi walidhani mwenzao anazungumzia maana au maneno. Mbinu hii ina masharti mawili. Ifanyike mapema, kabla kumbukumbu haijapoa. Na swali liwe “ulikuwa unawaza nini wakati ule”, kwa sababu ukimuuliza anafikiri nini sasa, atakutungia maelezo ya kukupendeza. Hasa kwetu, ambako mwanafunzi huona haya kumwambia mwalimu kwamba hakuelewa, muulizaji afadhali asiwe yule aliyemfundisha.

Sasa lile neno shughuli. Mwaka 1994 Peter Coughlan na Patricia Duff walichapisha sura yenye hoja inayomkosesha mtafiti usingizi. Walikuwa na picha moja na maagizo mamoja: ieleze picha hii. Waliwapa mwanafunzi mmoja Mkambodia na wanafunzi wa Hungaria. Kila mmoja alifanya kitu tofauti. Kuna aliyeorodhesha vitu na kuna aliyeyageuza mazungumzo kuwa masimulizi. Hata Mkambodia huyohuyo, alipopewa picha ileile baada ya muda mrefu, hakufanya alichokifanya mara ya kwanza. Kazi ilikuwa moja, shughuli zilikuwa nyingi. Kazi ni karatasi aliyoiandika mtafiti. Shughuli ni kile watu walichoamua kuifanya karatasi hiyo, kulingana na walivyomwona aliyewapa, walivyolielewa lengo, na walivyoamka siku hiyo.

Ukilikubali hilo, na mimi nalikubali, utaona hatari ya kuandika “kazi ya aina hii huleta matokeo haya” kana kwamba kazi ni dawa yenye dozi. Simaanishi majaribio yaachwe. Mackey ametuonyesha thamani yake. Namaanisha kwamba kila jaribio linahitaji mtu aliyekaa na kusikiliza, sekunde kwa sekunde, ili ajue ni shughuli gani hasa iliyofanyika nyuma ya zile namba. Merrill Swain na Sharon Lapkin, huko Kanada, mwaka 1998 walichapisha makala iliyojikita katika mazungumzo ya vijana wawili tu wakipanga hadithi ya picha kwa Kifaransa, wakifuatilia kila mahali walipoijadili lugha yenyewe. Watoto wawili, na makala yao bado inasomwa.

Hali yetu inalidai jambo hili. Kiswahili ni lugha ya pili kwa mamilioni ya watu wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na tangu mwaka 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Walimu wanaofundisha Kiswahili kwa wageni wako Zanzibar, Dar es Salaam, Nairobi, na katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Lakini karibu kila kipimo nilichokitaja humu kilisanifiwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Ngeli zetu, vitenzi vyetu vyenye viambishi vingi na tofauti zetu za miji hazikuwamo katika mawazo ya waliovisanifu.

Kwa hiyo ndugu mwalimu, sikuombi usubiri ruzuku. Simu iliyo mfukoni mwako ni kinasa sauti kizuri kuliko vingi vilivyotumiwa katika tafiti za miaka ya 1980. Chukua picha mbili za jiko, badilisha vitu vitano katika moja, wape wanafunzi wawili. Waombe ridhaa kwanza, na uwaambie wanaweza kukataa bila alama zao kuguswa. Rekodi dakika tano. Ficha majina. Andika kila kilichosemwa kama kilivyosemwa, pamoja na kimya, vicheko na “aa”, na ujipangie jioni nzima kwa dakika hizo tano, maana utaihitaji. Kabla hujahesabu kosa hata moja, isikilize rekodi tena tangu mwanzo, na uweke alama kila mahali ambapo mmoja wao alimwelewa mwenzake.